Samaki Mia Nne Nchi Kavu

Mke wa Mwalimu Gaspard alifariki mwezi uliopita, nami nikaenda Kagugu, hapa Kigali, kukaa matanga kwa siku tatu, nikifika asubuhi na kuondoka kabla jua halijazama, maana magoti yangu hayataki tena mkeka. Nyumba ni ya binti yao Diane, nyumba mpya yenye madirisha mapana na sebule ambayo ingemeza chumba chetu cha zamani mara tano. Waliojaa humo walikuwa watu wazuri, wengi wao wamekulia Uganda na Tanzania wakarudi baada ya mauaji ya tisini na nne: wafanyakazi wenzake Diane, watu wa kanisani kwa mama yake. Marehemu walimfahamu. Mumewe hawakuwahi kumwona, kwa sababu aliuawa Aprili ile, lakini adabu ya msiba inataka naye atajwe, basi kila aliyesimama alisema kwamba Mwalimu naye alikuwa mtu mwema, mpole, mcha Mungu. Niliyasikiliza hayo nimeshika sahani ya wali, nikasikia hasira inanipanda. Si kwamba walisema uongo. Ila nimekaa mahakamani miaka ishirini na saba nikiandika maneno ya mashahidi, na najua anavyosema mtu ambaye hakuwapo. Mimi nilikuwapo. Nilikaa chumba kimoja na Mwalimu Gaspard mwaka mzima wa tisini na mbili, yeye upande ule wa meza na mimi upande huu, tukiandika orodha ya samaki wa bahari ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuiona, na mpole hakuwa.

Habari za kwetu nitaziruka. Inatosha kujua kwamba nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimezaliwa Rwezamenyo, na nilikuwa na cheti cha kupiga chapa nilichokitundika ukutani kama watu wanavyotundika picha ya harusi. Nilikuwa najivuna, sikatai. Nilipiga chapa bila kutazama vidole, na wageni walipokuja nyumbani nilihakikisha wananiona. Mwalimu alikuwa akifundisha baiolojia katika shule moja ya sekondari upande wa Kanombe, na alitafuta mtu mwenye vitu viwili, cheti na Kiswahili. Wasichana wenye cheti hawakukosekana mjini, lakini Kiswahili wakati ule kilikuwa mali yetu sisi Waislamu wa Nyamirambo na Rwezamenyo, pamoja na madereva na wachuuzi. Mtoto wa Kikristo aliyesoma vizuri hakufundishwa kukipenda. Basi akaja kwetu siku moja ya Januari, suti ya kahawia, kalamu tatu mfukoni, akanipa ukurasa mmoja ulioandikwa kwa mkono. "Piga hii, nione." Nikapiga. Akausoma mara mbili akitafuta kosa, na alipolikosa alionekana amekasirika kidogo. "Iko sawa," akasema. "Utaanza Jumatatu."

Chumba alichopanga kilikuwa uani kwa Bi Mwatumu, mjane mwenye nyumba hapo hapo Rwezamenyo, hatua chache kutoka kwetu. Shuleni alikuwa ameomba nafasi akanyimwa. Mkuu wa shule alimwambia kwamba nchi isiyo na bahari haina haja ya chumba cha samaki. Barazani kwa Bi Mwatumu walikaa mafundi cherehani wanne, nyuma kulikuwa na jiko la mkaa, na kati ya cherehani na jiko ndipo tulipokuwa sisi. Kuta zilipakwa kijani hadi kifuani na nyeupe kwenda juu. Palikuwa na dirisha moja la chuma, meza moja, mashine yangu, na makasha sita ya mbao yaliyojaa kadi. Asubuhi kulinukia mafuta ya cherehani na mchana kitunguu. Mazungumzo ya mafundi yalipenya ukutani kana kwamba ukuta ni pazia. Mwaka ule vyama vya siasa vilikuwa vimeruhusiwa, na mafundi walishona kofia na bendera za vyama vyote bila ubaguzi, kitambaa cha chama hiki kikibaki kinakuwa bitana ya kofia ya wapinzani wake. Mwezi wa pili walilichekea sana jambo hilo. Mwezi wa tano walikuwa wameacha kucheka, na maneno yakawa ya vita vya kaskazini, ya watu waliokimbia mashamba yao wakalala nje ya mji, ya fulani aliyesimamishwa njiani akaulizwa kitambulisho. Vitambulisho vya wakati ule viliandikwa kabila, na cha Mwalimu kiliandikwa Mtutsi. Maneno yakifika hapo alikuwa anainuka, anafunga dirisha, anaketi tena. "Zaituni, tuendelee na taa," anasema, na taa aliyemtaja ni yule samaki bapa mwenye mkia wa mwiba. Nami naendelea.

Kadi zilikuwa za daktari mmoja Mjerumani aliyezunguka pwani ya Tanganyika kabla ya vita vya kwanza, akinunua samaki kwa wavuvi na kumwandikia kila mmoja kadi yake: jina la Kilatini, jina la Kiswahili kama alivyolisikia, kina kwa pima, sakafu ya bahari kama ni mchanga, tope au matumbawe, na mahali kwa digrii. Zilifikaje Rwanda, Mwalimu hakujua. Alizikuta stoo ya shule chini ya vitanda vibovu, siku mkuu wa shule alipoamuru takataka zichomwe. Mtu mwingine angechukua mbao za makasha akajengee banda la kuku. Yeye alichukua kadi, akakaa nazo miaka mitatu na kamusi ndogo ya Kijerumani na Kifaransa, na walimu wenzake wakampa jina la Bwana Samaki. Jina hilo lilimuuma kuliko alivyotaka ijulikane. Kisha ikatokea taasisi moja ya Ulaya ikamjibu barua: akiwaletea orodha iliyopangwa vizuri, watamchapia. Ndiyo maana alihitaji mpiga chapa, na ndiyo maana alitaka kila ukurasa uwe safi kama kanzu ya Idi.

Wazo lake lilikuwa zuri, na nalisema hivi leo nikiwa nimesoma maandishi ya watu wengi wenye vyeo kuliko yeye. Siku ya kwanza nilimuuliza mtu wa milimani anaelewaje bahari. Aliweka kalamu chini. "Umewahi kuona kiazi cha Ruhengeri kinalimwa Bugesera?" Nikasema hapana. "Kwa nini?" Nikasema joto. "Eeh. Mulimani unapanda juu, mimea inabadirika. Huku chini ndizi na mihogo, katikati kahawa, juu kabisa kiazi na pareto. Bahari ni mulima umepinduliwa. Unashuka, samaki wanabadirika. Iko kitu kimoja." Wazungu, alisema, wamepanga samaki kwa ukoo, huyu binamu wa yule, yeye atawapanga kwa shamba. Na ndivyo tulivyofanya. Shamba la matumbawe lilikuwa na pono, ambaye hutafuna jiwe kwa meno na haachi mtaa wake. Shamba la nyasi za bahari lilikuwa na tasi. Kwenye tope la midomo ya mito, ambako maji baridi huzuia matumbawe kuota, walijaa kamba na aina za taa ambazo hazikuonekana penginepo. Chewa alionekana mdogo mikokoni na mkubwa kilindini, kama vijana wa vijijini wanaohamia mjini. Mapengo ndiyo yaliyomfurahisha zaidi. Alikuwa anashika kadi za samaki mmoja aliyepatikana kaskazini na kusini lakini katikati hayupo, anazizungusha mkononi, anasema, "Hapa iko kitu kinamukataza. Ni nini?" Nilijikuta nami nalala nikiwaza ni nini.

Aliyeijua bahari kwa mwili wake alikuwa Bi Mwatumu peke yake. Alizaliwa Tanga, akaletwa Kigali na mume muuza vitambaa, mume akafa, yeye akabaki na nyumba na kiburi cha pwani. Mchana alitupikia: maharage na ndizi, isombe, ambayo yeye aliiita kisamvu, Ijumaa pilau, na mara moja kwa wiki sambaza, dagaa wa ziwa Kivu, ambao aliwakaanga vizuri na kuwatukana wakiwa kwenye mafuta. "Hawa si samaki, hizi ni sindano zenye macho," alikuwa akisema. Sisi tunakula, yeye anahadithia: tasi akikuchoma kwa miiba yake utalala na homa, changu hataki kitu ila ndimu na chumvi, nguru akikaa jua moja tu amekwisha kazi. Mwanzoni Mwalimu aliyaona hayo kuwa maneno ya jikoni. Baada ya mwezi alikuwa anakula na daftari magotini.

Tena alitufaa kwa jambo jingine, na hili ndilo lililotupoteza. Sisi watu wa Kigali tuna ugonjwa wa r na l. Kinyarwanda hakizitofautishi, na mtu aliyekulia humo anaweza kunywa chai na sukali kwa maisha yake yote bila kujua kuna tatizo. Mimi, pamoja na cheti changu, nilipiga korekore mahali pa kolekole. Mwalimu, aliyekuwa na Kiswahili cha kujifunzia sokoni, alinirekebisha kwa kuniandikia kalambisi, samaki ambaye jina lake halisi ni karambisi. Aliogopa sana jambo hilo. Aliona Wazungu wakifungua orodha, wakikuta majina yamepindwa, na kusema angalia mtu wa milimani. Basi kila jina lilipelekwa mahakamani jikoni. Alisimama mlangoni na kadi, mtu mzima mwenye tai, akauliza, "Bi Mwatumu, ni nguru ama ngulu?" Naye bila kugeuka kutoka kwenye chungu akajibu, "Nguru, baba. Nimekwambia jana na juzi." Tulilinda mlango wa r na l usiku na mchana, mwizi akapitia dirishani.

Taasisi ilitaka orodha iwe kwa Kifaransa na isiwe na vifupisho. Kadi zilisema, kwa mfano, 5° S, 39° O. Niliuliza, maana sipendi kupiga nisichokijua. "Mwalimu, hii S ni nini?" Akasema Sud. Kweli, kwa Kifaransa kusini ni Sud. "Na O?" Hakuinua kichwa. "Ouest. Hiyo hata mutoto wa shule ya musingi anajua." Na kweli tena, kwa Kifaransa magharibi ni Ouest, sote tulifundishwa hivyo tukiwa na kaptura na sketi za shule. Nikapiga Ouest kwenye kadi ya kwanza, nikapiga Ouest kwenye ya mwisho, kadi mia nne na ushei. Kamusi ya Kijerumani ilikuwa mezani muda wote, sentimita chache kutoka kwenye mkono wake, ila hakuna anayefungua kamusi kutafuta herufi moja.

Mwezi wa saba tukaituma. Bi Mwatumu akapika pilau ingawa ilikuwa Jumanne, na Mwalimu akawaendea mafundi barazani, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo, akawaambia kwamba jina lake litachapwa Ulaya. Alimwambia na mkuu wa shule. Aliwaambia walimu wote waliomwita Bwana Samaki. Nilimwona siku ile amevua koti, anacheka na kitambaa cha jasho mkononi, na nilimpenda kama mtu anavyompenda baba wa rafiki yake. Mkewe alikuja na Diane mgongoni, mtoto wa miaka miwili, akala pilau na sisi.

Mwezi wa tisa, tukiwa tunangoja jibu, Bi Mwatumu alikuwa anachambua mchele na akanitaka nimsomee nakala yetu ya kaboni ili naye awasikie samaki wake. Nikawa namtafsiria. "Changu. Matumbawe, pima tatu hadi kumi. Kusini digrii tano, magharibi thelathini na tisa."

"Magharibi ya wapi?"

"Magharibi tu, Bi Mwatumu. Ni mambo ya ramani."

"Mwanangu, mie nimezaliwa Tanga. Mashariki bahari, magharibi Korogwe. Changu aende Korogwe kufanya nini, kukata mkonge?"

Nilicheka. Nilimweleza kwamba hizo ni digrii, hazihusiani na Tanga, ni elimu ya shule. Akasema haya, kama shule yenu ina samaki wa mkonge basi ina maajabu, akaendelea na mchele wake. Nikaenda nyumbani nikila njia taratibu, na kabla sijafika mlangoni kicheko kilikuwa kimeniisha.

Kesho yake asubuhi niliazima atlasi kwa jirani mwenye mtoto wa sekondari, nikaifungua juu ya meza ya Mwalimu, yeye yuko shuleni. Nikaweka kidole kwenye digrii tano kusini, nikakisogeza kwenda Ouest hadi thelathini na tisa. Nikafika Brazili. Si pwani ya Brazili, ambapo mtu angeweza kujitetea, bali ndani, kwenye rangi ya kahawia, mbali na maji yoyote. Nikajaribu nguru wa Kilwa, digrii tisa. Brazili, kahawia. Nikajaribu wengine kumi, na wote niliwakuta wamelala nchi kavu kama nguo zilizoanikwa. Kisha nikasogeza kidole upande wa pili, mashariki thelathini na tisa, na hapo hapo nikakutana na ufuo wa Tanga, mahali rangi ya buluu inapoanzia. Nikafungua kamusi, nikatafuta Est, neno la Kifaransa la mashariki. Kijerumani chake ni Osten. Mjerumani wa watu alikuwa ameandika O akimaanisha mashariki, na S yake ilikuwa kusini kama S yetu, ndiyo iliyotutuliza. Niliogopa, nami sitasema vingine. Lakini chini ya hofu kulikuwa na kitu kingine, na kwa kuwa ninasema ukweli nitakitaja: nilifurahi kwamba kosa si langu.

Mwalimu alifika saa tisa. Nilikuwa nimeacha atlasi na kamusi wazi, kila moja na penseli juu ya mstari wake, kwa sababu sikujua namna ya kulisema kwa mdomo. Alitazama kamusi, akatazama atlasi, akavua miwani, akaifuta, akaivaa na kutazama Brazili tena. Halafu akaketi. Cherehani za barazani ziliendelea, na fundi mmoja alikuwa anaimba. Sikuwahi kumwona mtu mzima akipungua mbele ya macho yangu namna ile. Baadaye akavuta kiti karibu na kusema tuandike barua upesi, labda hawajachapa. Nikatia karatasi na kaboni, akaanza kusoma kwa Kifaransa chake kizuri: Bwana Mkurugenzi, katika orodha niliyowaletea mwezi wa saba limeingia kosa la kupiga chapa. Kwa Kifaransa ni faute de frappe, maneno matatu madogo, kila ofisi inayajua. Vidole vyangu vikasimama.

"Endelea," akasema.

"Mwalimu, hilo sitalipiga."

"Ni namuna ya kusema tu. Kila mutu anasema hivyo."

"Kosa la kupiga chapa ni la mpiga chapa. Vidole vyangu havikukosea. Nilikuuliza O ni nini, ukaniambia Ouest."

Akasema kwa sauti ya chini, na kwa haki niseme kwamba hoja yake haikuwa ya kijinga. "Sikiriza, Zaituni. Kule Ulaya iko mutu anajua jina lako? Hakuna. Hautapoteza kitu. Mimi wakisema sijui kusoma kadi, watatupa orodha yote. Miaka mitatu. Na mukuu wa shule atacheka mupaka nihame."

"Kwa kuwa hawalijui ndiyo maana sitaki walijue kwa kosa."

"Basi nitatafuta mwingine wa kupiga."

"Mtafute. Atakayekuja nitamweleza."

Sijui nilipata wapi ujasiri ule. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, yeye alikuwa mwalimu, na kazi nyingine sikuwa nayo. Nilichomoa karatasi, nikafunika mashine kwa kitambaa chake, nikaenda jikoni. Bi Mwatumu alikuwa amesikia yote, ukuta ule haukuficha kitu. Alinipa kiti cha mbuzi na nazi aliyoletewa na dereva wa lori, nikune, na yeye akaanza kupangusa masufuria ambayo yalikuwa safi. Baada ya muda akasema kwa sauti kubwa kuliko iliyohitajika kwa mtu aliyekaa karibu, "Mficha uchi hazai." Huko chumbani kiti kililia kwenye sakafu. Nilikuna nazi nzima. Adhana ya alasiri ikaita, mafundi wawili wakaenda msikitini na kurudi, na Mwalimu bado yumo ndani na Brazili yake.

Alipokuja mlangoni alikuwa amevaa koti. Hakuomba radhi, hakuwa mtu wa kuomba radhi. "Njoo tuandike," akasema. Nikaketi, nikatia karatasi mpya. Alisoma akiwa amesimama, uso ameuelekeza dirishani, na maneno yale ninayo kichwani mpaka leo, nayaweka hapa kwa Kiswahili: "Kosa ni langu. Nilisoma herufi ya Kijerumani kwa macho ya Kifaransa. Mpiga chapa aliniuliza maana yake, nami nikamjibu bila kutazama. Aliyegundua kosa ni yeye." Kisha akasema niongeze jina langu. Nikauliza la nini. "Ongeza. Nimesema." Alikuwa na hasira, na hasira ile haikuwa ya kuigiza. Nikaongeza, na kwa kuwa nilikuwa nimeshafungua mlango nikaliongeza la Bi Mwatumu pia. Akatia sahihi. Siku nne zilizofuata hakuniambia neno lisilo la kazi. Siku ya tano akaleta mandazi, akaweka nusu yake upande wangu wa meza, na tukaanza kuiandika upya orodha yote, Est, Est, Est, hadi Desemba.

Hawakuwa wamechapa. Walijibu barua fupi isiyo na kejeli, na katikati ya tisini na tatu zikaja nakala tatu za orodha, samaki wote wakiwa majini. Mkuu wa shule aliisoma akasema kumbe. Nakala moja Mwalimu alinipa mimi, moja akaipeleka shuleni, moja akakaa nayo.

Ya tisini na nne nitasema machache, si kwa sababu ni machache. Mwalimu Gaspard aliuawa siku za mwanzo, karibu na nyumba yao bondeni. Mkewe alipita nyua za watu na Diane mgongoni hadi kwa Bi Mwatumu, naye akawafungia kwenye chumba chetu, wakakaa humo wiki nyingi kati ya makasha. Fundi mmoja alikaa barazani kila siku akishona kitambaa hicho hicho, akifumua na kushona, ili wapitao waone nyumba ya kawaida. Fundi mwingine, aliyekuwa akiimba, alisimama kwenye kizuizi cha barabarani na panga. Mkaa ulipoisha Bi Mwatumu alianza kuchoma kadi. Kadi za Mjerumani zilimpikia Diane uji, na Bi Mwatumu, ambaye sasa naye hayupo, aliniambia kwamba zinawaka vizuri na hazina moshi. Nakala za orodha zilipotea, yangu pamoja na nyumba yetu. Iliyobaki iko Ulaya, kwenye rafu ya taasisi ile. Nimeandika, wamenijibu ipo. Ndicho kitu pekee cha Mwalimu kilichobaki duniani ambacho ni kazi ya akili yake, na hakina kosa. Ninaposikia mtu akisema kwamba jambo dogo linaweza kufunikwa ili mkubwa asiaibike, ninaifikiria rafu hiyo, na sijuti hata kidogo.

Siku ya tatu ya matanga, mchana, Diane alinifuata chumba cha ndani nilikokwenda kupumzisha miguu. Akaketi kitandani karibu nami, macho mekundu, viatu amevua. "Tantine," akasema, maana ndivyo anavyoniita, shangazi kwa Kifaransa, "tangu niko mutoto naambiwa Papa alikuwa mutu mwema. Mama naye alisema hivyo tu. Nikiuliza zaidi analia." Hakuniuliza swali. Nami sikuwa nimepanga kusema, ila nilijiona nimeshaanza, kutoka kwenye suti ya kahawia na kalamu tatu. Korogwe ilimchekesha mpaka akafunika mdomo kwa ajili ya wageni. Nilipofika kwenye faute de frappe aliacha kucheka, nikafikiri nimeharibu, kwamba si haki kumsema marehemu kwa binti yake siku kama ile. Lakini sijui kutoa ushahidi nusu. Nikamweleza alivyotaka kunibebesha kosa lake, na maneno aliyoniambia, na koti alilovaa aliporudi mlangoni, na siku nne za kununa, na mandazi.

Mlango ukagongwa, watu walitaka kumuaga. Diane akawaambia wangoje kidogo, akainuka akaufunga, akarudi akakaa karibu zaidi kuliko mwanzo.

"Tantine, rudia," akasema. "Anzia pale alipokosea."